Umshike mkono au umwache atafute? Njia za kumfundisha na kumlea mwanafunzi wa sanaa, ubavu kwa ubavu

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akimchora bibi yake kwa mkaa. Uso ulikuwa umetulia, nguo imekunjika inavyotakiwa, lakini mikono iliyolala mapajani ilikuwa imemshinda. Vidole vimesimama kama meno ya reki, na kidole gumba kimeota mahali pasipo pake. Nikachukua mkaa, nikamrekebishia kidole gumba kwa mistari minne au mitano. Kikakaa. Alifurahi, akanishukuru sana, nami nikaondoka pale nikiamini nimefundisha. Wiki iliyofuata alileta picha nyingine ya bibi yuleyule. Uso umekamilika, nguo imekamilika, na pale penye mikono pamebaki karatasi nyeupe. Akaniambia kwa heshima zote, "Hapa nimekuachia wewe, mwalimu."

Siku ile nilijifunza mimi, si yeye. Tangu hapo nimefundisha kuchora na kupaka rangi miaka mingi, na kila ninapokutana na mtu anayeanza kufundisha sanaa, au aliyeombwa kumlea msanii chipukizi, swali lake huwa lilelile: nifuate njia ipi? Njia zipo, na kila moja ina watu wanaoiapia. Hapa nitaziweka mbili mbili, niseme kila moja inajenga nini na inabomoa nini, na ni wakati gani mimi huchagua ipi.

Kipimo ninachotumia ni hiki: kabla hujachagua njia, jua mwanafunzi amekwama wapi. Yupo aliyekwama kwenye mkono. Anaona vizuri ila hawezi kutenda. Yupo aliyekwama kwenye jicho. Mkono wake mwepesi, lakini anachora anachokijua badala ya anachokiona, jicho la mtu linakuwa umbo la samaki na mti unakuwa fimbo yenye wingu juu. Na yupo aliyekwama kwenye nia. Anaona, anaweza, ila hajui anataka kusema nini, au anajua na anaogopa. Walimu wengi huchagua njia kwa kufuata tabia zao wenyewe. Mpole huuliza maswali, mwenye haraka hushika brashi. Kumbe anayepaswa kuamua njia ni mwanafunzi kwa hali aliyonayo leo, na kesho hali hiyo inaweza kuwa nyingine.

Kusahihisha kwa mkono wako, au kwa swali

Kusahihisha juu ya kazi ya mwanafunzi si jambo geni. Katika studio za mafunzo za Paris za karne ya 19, kama Académie Julian iliyofunguliwa mwaka 1868, msanii mashuhuri alikuwa akipita kwa siku maalumu za wiki, anasimama mbele ya kila mchoro dakika chache, anatoa neno au mstari wa kusahihisha, kisha anahamia kwa mwingine. Njia hiyo ilidumu kwa sababu inafanya kazi. Jambo la kueleza kwa nusu saa linaonekana kwa sekunde tatu. Tena shida ya mkono mara nyingi ni shida ya mwili mzima: brashi inashikwa wapi, bega linasogea au kifundo tu, mkono una uzito gani. Maneno hayafiki huko. Huwezi kumweleza mtu kwa mdomo karatasi ya rangi ya maji iwe na unyevu kiasi gani kabla ya kuongeza rangi ya pili. Inabidi aone ule mng'ao wa maji ukianza kufifia juu ya karatasi, na aone ni wakati gani hasa wewe unaigusa.

Hasara yake ndiyo ile karatasi nyeupe niliyoletewa. Ukishaweka mstari wako kwenye kazi yake, kazi imepata wenye wawili, na mmoja wao ana mamlaka zaidi. Jicho lake halikujifunza lolote. Liliangalia jawabu bila kupitia swali.

Sasa ulinganishe na njia ya pili. Baada ya tukio lile niliketi na yule kijana, sikugusa mkaa. Nikamwambia, "Weka mkono wako mwenyewe juu ya paja lako. Kidole gumba kinaanzia wapi?" Akatazama. Akakikunja, akakikunjua. Akagundua kwamba kidole hicho hakianzii pale vinapoanzia vingine, bali kinashuka mpaka karibu na kifundo. Nikamuuliza ukucha wake unatazama wapi. Hilo lilimchukua muda zaidi, kisha akacheka kwa mshangao: ukucha wa gumba hautazami upande mmoja na kucha nyingine, umegeuka ubavu. Alikuwa ameishi na mikono yake miaka 19 bila kuliona hilo. Mchoro uliofuata haukuwa mzuri kama ule niliourekebisha mimi, lakini ulikuwa na gumba lililokaa mahali pake, na aliliweka mwenyewe.

Swali nalo lina ubaya wake, na ubaya huu husemwa mara chache kwa sababu kuuliza huonekana kuwa hekima. Wapo walimu wanaojificha nyuma ya maswali. "Wewe unaonaje?" "Unahisi nini hapa?" Mwanafunzi asiyejua kuchanganya kijani kisichokuwa kikali kama plastiki hahitaji kuulizwa anahisi nini. Anahitaji kuambiwa atie nyekundu kidogo. Kumnyima mtu jambo la ufundi ambalo lingemchukua dakika moja kulipata, kwa jina la kumwacha agundue, ni kumchosha bure, na wengi huacha sanaa katika uchovu huo. Swali zuri lina mwisho wake: linaelekeza jicho mahali fulani, na jibu lake linaweza kuhakikishwa kwa kutazama tena. Swali la jumla ni ukungu.

Kwa hiyo, aliyekwama kwenye mkono mwonyeshe, lakini onyesha kwenye karatasi yako, kando ya yake. Aliyekwama kwenye jicho muulize. Na pale ambapo lazima uguse kazi yenyewe ili aelewe, tandika juu ya mchoro wake karatasi nyembamba inayoonyesha kilicho chini, chora masahihisho hapo, mwache atazame, kisha ondoa karatasi yako uende nayo. Usimwachie. Arudi kwa kitu anachokichora, asiinakili karatasi yako.

Karakana ya fundi mmoja, au kozi ya misingi

Uanagenzi ndio shule kongwe kuliko zote. Leonardo da Vinci alijifunza katika karakana ya Andrea del Verrocchio huko Florence, na katika picha ya ubatizo wa Kristo iliyotoka kwenye karakana hiyo miaka ya 1470, malaika mmoja anatambuliwa kuwa wa mkono wa Leonardo kijana. Picha ya mwalimu, ndani yake kipande cha mwanafunzi. Mwanagenzi wa zama zile alianza kwa kusaga rangi na kuandaa mbao za kuchorea, akapanda kwenye sehemu ndogo ndogo za picha, mpaka siku akapewa umbo zima. Njia hii inampa mtu kitu ambacho darasa haliwezi kumpa: anaiona kazi nzima, tangu mteja anapobisha hodi mpaka picha inapotoka mlangoni. Anajifunza muda, nyenzo, na jinsi ya kukaa na kazi siku isiyotaka kwenda.

Gharama yake ni kwamba anarithi pia upofu wa mwalimu. Kama fundi hajui kuchora watu wakiwa kwenye mwendo, wanagenzi wake wote watachora watu waliosimama. Halafu kuna hatari ya mwanafunzi kugeuzwa kibarua. Ukiona mwanagenzi wako mwaka wa pili bado anaosha brashi na kutandaza turubai tu, huyo humfundishi, unamtumia.

Upande wa pili upo mfano wa Bauhaus, shule iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919 chini ya Walter Gropius. Pale mwanafunzi hakuanza kwa kumfuata bwana mmoja. Alianza na kozi ya awali iliyoanzishwa na Johannes Itten: maumbo, rangi, mwanga na giza, na sifa za vitu vyenyewe, mbao, chuma, karatasi, kitambaa. Baada ya Itten kuondoka mwaka 1923, László Moholy-Nagy na Josef Albers waliichukua kozi hiyo. Albers aliendelea na mafunzo ya aina hiyo Marekani kuanzia 1933, kwanza katika chuo cha Black Mountain, kisha Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1950.

Zoezi lake moja ninalipenda na ninalitumia. Chukua karatasi za rangi, si rangi za kupaka, ili rangi iwe ileile kabisa bila kubishaniwa. Kata vipande viwili vidogo kutoka kwenye karatasi moja. Kimoja kiweke katikati ya mraba wa rangi nyingine, cha pili katikati ya mraba wa rangi tofauti kabisa, mpaka vile vipande viwili vionekane kama si ndugu. Mwanafunzi huhangaika siku mbili tatu. Kisha inafika dakika anapopata, anainua kile kipande kukihakikisha, anakirudisha, anakiinua tena. Haamini macho yake, na huo ndio mwanzo wa kuyatumia. Baada ya hapo huna haja ya kumhubiria kwamba rangi hubadilika kwa jirani yake.

Kozi ya namna hii hufungua jicho kuliko kitu chochote ninachokijua. Udhaifu wake ni kwamba mazoezi yanaweza kugeuka makazi. Nimekuwa na wanafunzi wenye majalada mazuri mno ya mazoezi, mraba ndani ya mraba, na hawana picha hata moja ambayo wangelia ikichomwa moto.

Jambo ambalo watu hulisahau kuhusu Bauhaus ya mwanzo ni kwamba baada ya kozi ya awali mwanafunzi aliingia karakana yenye walimu wawili: msanii aliyesimamia umbo, na fundi aliyesimamia ufundi. Ukiniuliza nichague kati ya karakana na kozi, nitakwambia nachagua walimu wawili. Kama una mwenzako mnayeheshimiana, gawaneni kazi hivyo, mmoja aufundishe mkono, mwingine alisumbue jicho, na mwanafunzi aone kwamba hamkubaliani kila kitu. Kutokubaliana kwenu kunampa nafasi ya kusimama. Kama uko peke yako, gawa siku: siku ya ufundi iwe ya ufundi, na siku ya kutazama usimkaripie mtu kwa mstari uliopinda.

Kunakili kazi za wakubwa, au kubuni tangu siku ya kwanza

Hapa ugomvi huwa mkali, na kila upande una mashahidi.

Vincent van Gogh alipoamua kuwa msanii mwaka 1880, akiwa na miaka 27, alikaa na michoro ya mafunzo ya Charles Bargue akiinakili mmoja baada ya mwingine. Miaka 10 baadaye, mwaka 1890, akiwa tayari ndiye Van Gogh tunayemjua, aliomba atumiwe tena mazoezi ya Bargue. Henri Matisse, akiwa mwanafunzi wa Gustave Moreau, alikwenda Louvre, jumba la makumbusho la Paris, kunakili, na mwaka 1893 alinakili picha kubwa ya meza iliyojaa vyakula na vyombo, kazi ya Jan Davidsz. de Heem. Mwaka 1915 aliirudia picha ileile, safari hii akiivunja katika maumbo na mistari ya wakati wake. Ukiziweka nakala hizo mbili pamoja unaona kunakili kunaweza kuwa nini: mara ya kwanza kujifunza lugha, mara ya pili kujibu.

Shahidi wa upande wa pili ni Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1930. Yeye hakutaka wanafunzi wake waanze kwa kuiga picha za Ulaya. Alikuwa akiwasimulia tukio, nao wafumbe macho waone picha yao wenyewe kichwani, ndipo wachore. Sam Ntiro na Elimo Njau walipita mikononi mwake. Alipoondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyemrithi aligeuza usukani: historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi, kuchora kwa kutazama. Shule moja, misimamo miwili, na watu wameendelea kubishana ni upi uliokuwa sahihi.

Msimamo wangu ni huu. Anayeanza akiwa na njaa ya kusema kitu, mwache aseme kwanza. Nakala mje mzifanye baadaye, atakapokuja mwenyewe akilalamika kwamba picha haifanani na iliyo kichwani mwake. Wakati huo nakala ni dawa. Yule anayekuja kwa sababu "anapenda kuchora" bila zaidi ya hapo, mpe nakala mapema, kwa kuwa ndani ya kazi za wengine ndimo atakapokuta anachokipenda na anachokichukia. Na kila anayenakili apewe kazi ya kutafuta jambo moja tu: leo unatafuta mwanga umetoka wapi, kesho unatafuta macho yanaingia picha kupitia wapi. Nakala isiyo na swali ni mashine ya kutoa chapa.

Darasani kwangu hairuhusiwi kunakili kazi ya mwalimu mwenyewe. Nikiwepo chumbani, kazi yangu tayari ina sauti ya kutosha. Moreau alichora visasili vilivyojaa vito na mapambo, na kutoka darasani kwake wakatoka Matisse na Georges Rouault, ambao hakuna hata mmoja aliyefanana naye. Huo ndio ushahidi ninaouheshimu.

Uhakiki mbele ya wote, au mazungumzo ya wawili

Kikundi kinafaa kwa jambo moja ambalo mwalimu peke yake hawezi: kumwonyesha mwanafunzi kazi yake inawafikiaje watu ambao hawamjui. Yeye anajua alikusudia huzuni. Watu kumi wakisema wanaona usingizi, hiyo ni habari ya kweli na yenye thamani.

Lakini kikundi kisichosimamiwa humjeruhi mtu. Mwenye sauti kubwa hugeuka hakimu, wengine humfuata, na ladha ya kikundi huwa sheria. Mimi hufuata taratibu chache. Mwenye kazi hasemi kitu mwanzoni, wala haombi radhi. Wengine huanza kwa kutaja wanachokiona tu: "Kuna kiti kimegeuzwa mgongo, upande wa kushoto ni giza." Hairuhusiwi kusema nzuri wala mbaya kabla ya hapo. Utashangaa ni mara ngapi watu hutoa hukumu kuhusu jambo ambalo halimo kwenye picha. Ndipo tunauliza kinachovuta jicho na kinacholipoteza. Mwisho mwenye kazi husema alikusudia nini, na huchagua maoni mawili atakayoyafanyia kazi. Mawili, si kumi na mawili. Kazi zisizidi sita kwa kikao. Ya saba haitazamwi na mtu, watu wanatazama saa.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kuguswa mbele ya wote. Binti mmoja alileta mlango uliofungwa. Wiki iliyofuata mlango tena. Mara ya nne darasa lilikuwa bado linamshauri kuhusu mistari ya mtazamo, kwamba fremu ya kushoto haiendi sambamba na ya kulia. Ilikuwa kweli, haikwenda. Nilimwita pembeni baada ya kipindi, nikaketi naye bila kufungua mdomo kwa muda, kisha nikamuuliza mlango ule ni wa wapi. Ulikuwa mlango wa nyumba waliyohama akiwa mtoto. Tukaongea. Katika maongezi akasema kitu ambacho hakikuwemo kwenye hata picha moja kati ya zile nne: kwamba usiku alikuwa akilala akitazama ule mstari wa mwanga chini ya mlango. Picha ya tano ilikuwa giza tupu na mstari mmoja. Fremu zake bado hazikwenda sambamba, na hakuna aliyeliona hilo.

Huyo alikuwa amekwama kwenye nia, na nia haifunguki mbele ya watu ishirini. Mkono na jicho vipeleke kwenye kikundi. Nia ipe faragha na muda, na uwe mwangalifu usigeuke mganga wa roho yake. Ukisikia jambo zito kuliko picha, msaidie ampate anayelijua, nawe urudi kwenye picha.

Sifa au ukali

Hapa sina mengi. Sifa ya jumla haimjengi mtu, na ukali wa jumla haumjengi pia. "Kazi nzuri" na "hujitahidi" ni maneno pacha: yote mawili hayamwambii mtu afanye nini kesho asubuhi. Sema, "Kivuli hiki chini ya kidevu kimekaa kwa sababu umeacha ukingo wake ufifie." Sema, "Hapa ulichoka, ukaanza kujaza." Msanii wa Marekani Robert Rauschenberg hakuelewana na Albers walipokuwa Black Mountain, na bado baadaye alimtaja kuwa mwalimu wa maana sana maishani mwake. Watu huutumia mfano huo kutetea ukali. Mimi nausoma tofauti: Albers alikuwa mkali kuhusu kutazama, na kutazama kunaweza kufanyiwa mazoezi. Ukali juu ya kipaji, juu ya mtu mwenyewe, hauna mazoezi yake. Unamwachia jeraha tu.

Mwalimu au mlezi

Watu huyachanganya majukumu haya mawili, na mkanganyiko huo huwagharimu wote. Mwalimu ana somo la kufundisha na wanafunzi wengi. Mlezi ana mtu mmoja na hana somo. Anafuata njia anayoishika yule mtu. Mwalimu anaweza kukupa alama. Mlezi akianza kukupa alama, ulezi umekwisha, maana hutamletea tena kazi iliyoharibika, na kazi iliyoharibika ndiyo hasa inayopaswa kufika kwake.

Mfano wa ulezi ninaourudia ni wachoraji wawili wa Ufaransa, Camille Pissarro na Paul Cézanne. Pissarro alimzidi Cézanne karibu miaka tisa. Katika miaka ya 1870 walichora pamoja nje, bega kwa bega, kila mmoja na turubai yake mbele ya mandhari ileile. Cézanne aliazima picha ya Pissarro ya kijiji cha Louveciennes akainakili, ndivyo alivyojifunza kung'arisha rangi zake. Hakukuwa na darasa. Palikuwa na mkubwa aliyekubali kufanya kazi yake hadharani mbele ya mdogo, pamoja na makosa yake. Mwaka 1906, mwaka aliofariki, akiwa na sifa zake kamili, Cézanne alijiandikisha kwenye maonyesho ya mji wake wa Aix kama mwanafunzi wa Pissarro.

Weka kando yake karakana ya mchongaji Auguste Rodin. Camille Claudel, mchongaji naye, alifanya kazi humo miaka mingi, na mpaka leo watu hujadili ni wapi mkono wake unaishia na wa Rodin unaanzia. Constantin Brâncuși aliingia mwaka 1907, akaondoka baada ya muda mfupi sana, na anakumbukwa kwa kusema kwamba chini ya miti mikubwa hakioti kitu. Rodin hakuwa mchongaji mdogo wala mtu asiyejua kufundisha. Karakana yake ilihitaji mikono mingi kutimiza kazi zake, na mahitaji hayo ndiyo yaliyoamua nani anafanya nini.

Basi ukitakiwa kuchagua utakuwa nani kwa kijana fulani, jiulize kwanza kama unahitaji chochote kutoka kwake: msaada studio, sifa, kuonekana kuwa umezaa msanii. Kama unahitaji, si vibaya, lakini umwajiri na umlipe, na jina lake liandikwe kwenye kazi. Kama huhitaji, unaweza kumlea. Na hata hapo kubalianeni mambo machache mwanzoni, kwa maneno yaliyo wazi: mtakutana mara ngapi, mahali palipo wazi kwa wengine, kazi anayoifanya ni mali yake yote, hatalazimika kukuonyesha kila kitu, na ulezi huu una tarehe ya kumalizika. Hiyo ya mwisho huwashtua wengi, wanaiona ya baridi. Mimi nimeona ulezi usio na mwisho ukigeuka deni ambalo kijana hajui atalilipaje.

Kwangu ni mwaka mmoja. Siku ya mwisho tunatandaza kazi zake zote sakafuni, kuanzia ile aliyokuja nayo. Mimi nasimama mlangoni. Yeye ndiye anayepita katikati, anainua hii, anaigeuza ile kifudifudi, anachagua zipi aondoke nazo na zipi zibaki. Mara nyingi hugeuza kifudifudi ile niliyoipenda mimi. Namsaidia kufunga kamba ya jalada, namfungulia mlango.